Hukumu Kwanza, Sababu Baadaye

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na kina baba, na nyinyi vijana mliokuja wengi kuliko viti, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie ubaguzi wa rangi: ni kitu gani hasa, na kwa nini haufi.

Sehemu ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Ukisoma vitabu vya sheria utadhani ulishazikwa zamani. Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa kuutokomeza mwaka 1965. Marekani ilifuta utengano wa kisheria katika miaka hiyo hiyo. Afrika Kusini, mwaka 1991, iliitupa sheria ya 1950 iliyomwandikisha kila mtu katika daftari la serikali kwa rangi yake. Leo utazunguka kutwa nzima usimpate mtu wa kusimama hadharani akasema, "Mimi ni mbaguzi." Lakini waulize wanaotafuta nyumba za kupanga katika mji wa wageni, au waliosimamishwa na polisi mara mbili kwa wiki moja, kama mazishi hayo waliyaona.

Nitaanza na kesi mbili. Nitazieleza polepole, mnivumilie, kwa sababu sijui mahali pengine ambapo jambo hili lilijianika lenyewe namna ile.

Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 1790 iliyosema kwamba mgeni anayeweza kuomba uraia ni "mtu mweupe aliye huru". Mwaka 1870, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakaongezwa watu wenye asili ya Afrika. Waliobaki katikati, Wajapani, Wahindi, Waarabu, ikabidi waende mahakamani mmoja mmoja kuuliza: je, sisi tumo?

Takao Ozawa alizaliwa Japani akaingia Marekani akiwa kijana. Alisoma California, akaenda kufanya kazi Honolulu, akaoa, akazaa. Nyumbani kwake watoto walizungumza Kiingereza. Alikwenda kanisani. Ukimwondolea jina lake, huwezi kumtofautisha na jirani yake yeyote. Akaomba uraia, akakataliwa, akakata rufaa mpaka Mahakama ya Juu. Mojawapo ya hoja zake ilikuwa nyepesi tu: kama sheria inataka mtu mweupe, basi tazameni ngozi za Wajapani, wako ambao ni weupe kuliko Wazungu wengi. Novemba 1922 mahakama ikamjibu kwamba rangi ya ngozi si kipimo cha kutegemewa. Mtu mweupe, ikasema, maana yake ni mtu wa mbari ya Kaukasi, jina ambalo wasomi walilipa kundi walimowaweka Wazungu. Ozawa si Mkaukasi. Akabaki bila uraia.

Miezi mitatu baadaye, Februari 1923, mbele ya mahakama ile ile akasimama Bhagat Singh Thind. Huyu alizaliwa Punjab, na mwaka 1918 alikuwa amevaa sare ya jeshi la Marekani. Wataalamu wa mbari wa wakati ule waliwaweka watu wa kaskazini mwa India ndani ya kundi la Kaukasi. Kwa hiyo Thind hakuhitaji hata kubishana. Alihitaji kuichukua hukumu ya Ozawa na kuisoma kwa sauti: mmesema mweupe ni Mkaukasi, mimi hapa, Mkaukasi.

Mahakama ikasema hapana. Safari hii ikasema wanasayansi wasisikilizwe sana. Maneno "mtu mweupe" yachukuliwe kama anavyoyaelewa mtu wa kawaida mtaani, na mtu wa kawaida mtaani akimwona Thind hatasema huyu ni mweupe.

Hukumu zote mbili ziliandikwa na jaji mmoja, George Sutherland. Majaji wenzake hawakumpinga, si katika ya kwanza wala katika ya pili. Ozawa alipoleta macho ya mtu wa kawaida, aliambiwa alete sayansi. Thind alipoleta sayansi, aliambiwa alete macho ya mtu wa kawaida. Mlango ulikuwa umefungwa tangu mwanzo. Kilichokuwa kinatafutwa ni kufuli tu. Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi.

Hilo ndilo nililokuja kulisema jioni ya leo, na mengine yote ni kulipigilia misumari. Tumezoea kudhani kwamba mbaguzi ana imani fulani kuhusu watu fulani, na kutokana na imani hiyo anawatendea vibaya. Mimi nadhani mambo huenda kinyume. Hukumu hutangulia: hawa watumike, hawa wasiingie, hawa walipwe kidogo. Sababu hutafutwa baadaye, na ikichakaa hutafutwa nyingine, huku hukumu ikibaki pale pale imekaa kitini.

Rudini nyuma kidogo, Virginia, karne ya 17. Sababu ya kwanza ya kumfanya Mwafrika mtumwa ilikuwa dini: huyu ni mpagani. Sawa. Lakini wapagani wakaanza kubatizwa. Sasa itakuwaje? Kama upagani ndio uliokuwa sababu, Mkristo mpya alipaswa kuachwa huru. Mwaka 1667 baraza la Virginia likatunga sheria kwamba ubatizo haubadilishi hali ya mtu kuhusu utumwa wake. Sababu ilikufa, utumwa ukaendelea. Miaka mitano kabla ya hapo walikuwa wameshatunga nyingine, kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake. Maana yake bwana anaweza kuzaa na mjakazi wake na kuhesabu watoto hao kama mali. Na hao walikuwa watu wa kabila linalofuata ukoo wa baba katika kila jambo lingine.

Dini ilipochoka ikaja sayansi. Samuel Morton wa Philadelphia alikusanya mafuvu ya watu kwa mamia, akayajaza mbegu, baadaye risasi ndogo za madini, ili kupima nani ana nafasi kubwa zaidi ya ubongo. Mnaweza kukisia nani alitoka wa kwanza. Mwaka 1851 daktari mmoja wa Louisiana, Samuel Cartwright, alitangaza kwamba amegundua ugonjwa wa akili unaowafanya watumwa watoroke. Akaupa jina la Kigiriki kabisa. Na tiba? Mojawapo ilikuwa viboko. Cheka ukitaka, mimi pia nilicheka niliposoma, lakini kumbukeni kwamba aliyeandika hayo alikuwa msomi anayeheshimika, na wasomi wenzake wakamsoma.

Sayansi hiyo nayo imekwisha. Mwaka 1972 mtaalamu wa jenetiki Richard Lewontin alionyesha kwamba karibu asilimia 85 ya tofauti za kijenetiki kati ya binadamu zimo ndani ya kundi lolote utakalolichagua, si kati ya kundi na kundi. Mradi wa kusoma ramani ya vinasaba vya binadamu ulipotangazwa kukamilika mwaka 2003, hakuna mpaka uliopatikana mahali ambapo mbari moja inaishia na nyingine inaanza. Je, kuna mwenye nyumba yeyote aliyefungua mlango kwa sababu ya Lewontin? Ndiyo maana siwashauri vijana wetu wachoke sana kuthibitisha kwamba wana akili sawa na wengine. Hoja hiyo ilishashinda. Kushinda kwake hakukubadilisha mengi, kwa kuwa hukumu haikujengwa juu yake.

Basi imejengwa juu ya nini? Jibu langu halina mvuto: imejengwa juu ya faida. Chuki ipo, siikatai, na inaua. Lakini chuki peke yake huchoka. Faida hairuhusu kuchoka, kwa sababu hurithiwa.

Chukueni Uingereza. Mwaka 1833 Bunge lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mengi, na pamoja nayo likatenga pauni milioni 20 za fidia. Mwaka ule hiyo ilikuwa karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali. Fidia hiyo walilipwa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa hata senti. Waliamriwa waendelee kuwafanyia kazi mabwana wale wale bila ujira kwa jina jipya la "uanagenzi", mpaka 1838. Serikali ilikopa ili kulipa, na deni hilo lilikuja kumalizwa mwaka 2015. Yaani mjukuu wa mtumwa wa Jamaika aliyehamia London akapata kazi, alikuwa anakatwa kodi, na sehemu ya kodi hiyo ikaenda kumalizia fidia ya aliyemmiliki bibi yake.

Haiti ni kisa kibaya zaidi. Watumwa walipigana, wakashinda, wakatangaza uhuru mwaka 1804. Mwaka 1825 Ufaransa ikapeleka meli za kivita na madai: lipeni faranga milioni 150 kwa hasara ya mali tuliyopoteza, na katika mali hiyo walihesabiwa wao wenyewe, miili yao. Kiasi kilipunguzwa mwaka 1838 kikawa milioni 90, lakini ili kulipa ilibidi Haiti ikope, tena kwa benki za Paris. Malipo ya mikopo iliyotokana na deni hilo yaliendelea mpaka 1947. Halafu anatokea mtu na miwani yake, anatazama Haiti ya leo, anauliza kwa sauti ya upole, "Kwa nini hawa wenzetu hawaendelei?" Hapo ndipo sababu mpya inapozaliwa. Umaskini uliotengenezwa na hukumu ya jana unageuzwa kuwa ushahidi wa hukumu ya kesho.

Huo ndio uhai wake, ndugu zangu. Unajizalia ushahidi. Katika miaka ya 1930 serikali ya Marekani ilichora ramani za miji ili kuonyesha wapi ni salama kukopesha pesa za kununua nyumba. Mitaa ya Weusi ikapakwa rangi nyekundu karibu yote, yaani hapa ni hatari kukopesha. Asiyekopeshwa hanunui, asiyenunua harithishi, mtaa usio na mikopo unachakaa, shule inayotegemea kodi ya majengo inakosa vitabu. Ubaguzi wa nyumba ulipigwa marufuku mwaka 1968. Lakini miaka 30 ya riba na urithi haifutwi kwa kufuta sheria. Anayekuja leo na kusema "mtaa huu hauna thamani" hadanganyi. Anasoma tu mwangwi wa ramani, na wala si lazima awe na chuki moyoni.

Sasa tufike kwenye siku zetu, na hapa naomba vijana mnisikilize zaidi kuliko wazee. Akufukuzaye hakwambii toka, utaona mambo yamebadilika. Wachumi wawili walichapisha mwaka 2004 matokeo ya jaribio lao: walituma karibu barua 5,000 za kuomba kazi Boston na Chicago. Sifa zilikuwa za kubuni na zilizolingana. Kilichotofautiana ni majina. Nyingine ziliitwa Emily na Greg, majina yanayosikika kuwa ya Wazungu, nyingine Lakisha na Jamal, yanayosikika kuwa ya Weusi. Emily alihitaji kutuma kama barua 10 ili apate jibu moja. Lakisha alihitaji kama 15. Hakuna aliyemtukana Lakisha. Hakuna aliyemwambia hatakiwi. Simu haikulia tu, naye hana wa kumshtaki, maana hajui hata ni barua ipi kati ya zile 15 iliyotupwa kwa jina lake na ipi ilitupwa kwa sababu nafasi ilishajaa. Nafikiri mateso ya ubaguzi wa siku hizi yako hapo: unabaki na hesabu isiyokamilika, na wenzako wanakwambia unajishuku.

Na kama binadamu anaweza kujificha hivi, mashine je? Mwaka 2019 watafiti walichunguza programu ya kompyuta iliyotumika katika hospitali za Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu hiyo haikuulizwa rangi ya mtu. Ilichofanya ni kukisia mgonjwa atagharimu pesa ngapi, ikachukulia kwamba mwenye gharama kubwa ndiye mgonjwa zaidi. Lakini Weusi walikuwa wakitumiwa pesa kidogo kwa ugonjwa ule ule, miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo mashine ikawaona wazima. Watafiti walipokokotoa upya kwa kufuata ugonjwa wenyewe, sehemu ya Weusi katika kundi la kusaidiwa iliruka kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Mjadala mzima kuhusu kama mtu "haoni rangi" unaishia hapo kwa maoni yangu. Mashine ile kweli haikuona rangi.

Kabla sijaendelea, nawaona baadhi yenu mmestarehe sana, kana kwamba mimi nawasema Wazungu. Hapana. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mauritania ilikuwa nchi ya mwisho duniani kupiga marufuku utumwa, mwaka 1981, na haikuufanya kosa la jinai mpaka 2007. Wanaoshikiliwa ni Waafrika, na wanaoshikilia ni Waafrika pia. Bahari ya Hindi ilivusha watumwa karne nyingi, na wapo kati yetu ambao bado wanapima uzuri wa binti kwa umbali wake kutoka kwenye weusi. Tunanunua sumu ya kujichubua kwa pesa zetu wenyewe.

Oktoba 1961, Tanganyika ikiwa imebakiza wiki chache kupata uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia wa nchi mpya uwe wa Waafrika tu. Walikuwa na sababu, tena nzito kuliko za Sutherland: walikuwa wametawaliwa, wamedharauliwa, na biashara karibu zote zilikuwa mikononi mwa wengine. Mwalimu Nyerere alikataa. Alisema uraia utakuwa wa utii kwa nchi na si wa rangi, na akaweka wazi kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali kinyume chake. Sikuletei kisa hiki ili tumpambe Mwalimu, amepambwa vya kutosha. Nakileta kwa sababu aliona jambo ambalo aliyeonewa ndiye mwenye haraka ya kutoliona: kwamba sababu nzuri haiibadilishi hukumu hiyo ikawa kitu kingine.

Sasa, tufanyeje? Nikiwaambia tupendane mtanipigia makofi na tutakwenda nyumbani. Sina ugomvi na upendo. Ninachosema ni kwamba tukisubiri mioyo ibadilike tutasubiri sana, na hatuna kipimo cha kujua imebadilika. Hukumu ndiyo yenye anwani. Iko kwenye kanuni, kwenye fomu, kwenye mashine, na vitu hivyo vilivyoandikwa na mtu vinaweza kufutwa na mtu. Nitawapa kisa kimoja tu.

Daktari akitaka kujua figo zako zinafanya kazi kiasi gani, hupima damu na kuingiza namba katika fomula. Fomula iliyotumika sana Marekani tangu 2009 ilikuwa na kipengele kimoja cha ajabu: kama mgonjwa ni Mweusi, matokeo yanazidishwa kwa 1.159. Sababu iliyokuwa ikitolewa tangu fomula zilizotangulia ni kwamba Weusi wana misuli mingi zaidi. Aliyezaliwa na baba Mweusi na mama Mweupe azidishiwe ngapi? Fomula haikusema.

Fuateni hesabu hii. Ili uanze kuhesabiwa muda wa kusubiri figo mpya, kipimo chako kinatakiwa kishuke hadi 20 au chini. Wagonjwa wawili wana damu inayosema 18. Mmoja ameingia kwenye foleni leo. Wa pili ni Mweusi: 18 mara 1.159 ni karibu 21. Mwambie arudi nyumbani, figo zake bado nzuri. Na katika foleni ya figo, mwaka mmoja unaweza kuwa ndio tofauti ya kupandikizwa na kuzikwa. Hakuna daktari aliyemchukia mtu huyo. Pengine alimpenda, akamshika mkono, akamuuliza habari za watoto, kisha akabonyeza kitufe.

Miongoni mwa waliolivalia njuga jambo hili walikuwa wanafunzi wa udaktari, watu ambao katika hospitali hawana cheo hata cha kuchagua kiti. Waliuliza swali la kitoto: kwa nini tunazidisha? Mwaka 2021 ikatoka fomula mpya isiyo na rangi ndani yake. Lakini hawakuishia hapo, na hiki ndicho ninachokipenda zaidi. Januari 2023 mamlaka ya upandikizaji iliziagiza hospitali zifungue mafaili ya wagonjwa Weusi wote waliokuwa kwenye foleni, zikokotoe upya, na kila aliyecheleweshwa arudishiwe muda wake. Kufikia Machi 2024 zaidi ya watu 14,000 walikuwa wamesogezwa mbele, kwa wastani wa miaka miwili hivi. Wapo waliopigiwa simu wakaambiwa wewe si wa mwisho tena, na wapo waliopata figo kwa sababu hiyo.

Sijui ni wangapi kati ya madaktari hao walibadilika moyoni. Hakuna aliyewauliza.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na ana haki. Kuna mama pale nyuma mkono wake uko juu tangu nilipomtaja Mwalimu, nadhani hakubaliani nami. Naomba tuanze na yeye.